Chakula cha Ungo na Sahani

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi jioni, Martina alivua viatu mlangoni, akafungua friza ya mama yake na kutoa kikopo kimoja cha siagi. Ndani yake hamkuwa na siagi. Mlikuwa na vipande vya sato vilivyokatwa vyembamba na kugandishwa mpaka vikawa jiwe moja. Alilitumbukiza jiwe hilo kwenye bakuli la maji, akalifunika vizuri kwa sababu ya paka, kisha akaenda kuvua sare.

Chakula hicho hakikuwa cha watu. Kilikuwa cha Ungo na Sahani, taa wawili wa mjomba Edward. Taa ni samaki bapa na wa mviringo, macho yake yako juu ya mgongo, na mkia wake mrefu una mwiba wenye sumu. Wengi wao huishi baharini, lakini hawa wawili asili yao ilikuwa mito ya mbali, huko Amerika ya Kusini, na maji yao hayakuwa na chumvi. Mjomba Edward alifanya kazi miaka tisa Dar es Salaam kwa mtu aliyeuza samaki wa mapambo. Duka lilipofungwa, tajiri wake alimuaga kwa kumpa taa hao. Aliwasafirisha mpaka Ushirombo ndani ya pipa, pampu ya hewa ikinguruma njia nzima na abiria wakinung'unika.

Sasa waliishi sebuleni kwake, ua mmoja na kina Martina, ndani ya tangi la kioo refu kuliko kitanda. Ungo alikuwa mkubwa na mtulivu. Sahani alikuwa mdogo, mjanja, na akiona mtu alipanda kwenye kioo akaonyesha tumbo lake jeupe. Jumapili baada ya misa watu walipita kuwatazama. Mwanakwaya mmoja aliwahi kuuliza kama wanapikwa kwa karanga au kwa nazi, na mjomba Edward alimnunia mwezi mzima.

Aliyewalisha alikuwa Nkwabi. Yeye na mjomba Edward walisoma pamoja shule ya msingi, kisha Nkwabi akaenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo. Huko kifusi kilimvunja mguu. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, lakini pua haikupona. Vumbi na moshi wa baruti wa miaka mingi mashimoni vilimwacha hasikii harufu yoyote, hata ya kitunguu kinachoungua. Mjomba Edward alimpa chumba cha uani na kazi ya kuwatunza taa wakati yeye yuko kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu.

Kwa hiyo Nkwabi na Martina walikuwa na utaratibu wao. Nkwabi aliingiza mkono kwenye bakuli, akabonyeza kila kipande kwa kidole kuhakikisha kiini kimelainika. Kisha alimsogezea Martina bakuli.

"Nusa, Martina. Mimi pua sina."

Martina alinusa. "Wazuri, kaka Nkwabi."

"Wabeja," alijibu Nkwabi, yaani asante kwa Kisukuma, na hapo tu ndipo alipochukua koleo refu na kuwalisha.

Hakuwa makini hivyo tangu mwanzo. Mwezi wake wa kwanza aliwatupia vipande vikiwa bado barafu, na Ungo alivitapika, akakaa siku mbili bila kula. Mjomba Edward alimweleza mbele ya watu kwamba samaki hawa ni wa maji ya uvuguvugu, na ukiwajaza barafu tumboni unawaumiza. Tangu siku hiyo Nkwabi hakurudia kosa hilo, lakini mtaani lilimganda. Kila aliyekuja kutazama taa alimtania, "Nkwabi, leo umewapa barafu?"

Barafu nyingine, zile za watoto, zilikuwa biashara ya mama yake Martina. Alizitengeneza kwa ubuyu au maembe, akazigandisha kwenye vifuko virefu ndani ya friza ileile. Nusu ya juu ilikuwa ya barafu, nusu ya chini ilikuwa ya vikopo vya mjomba. Wiki moja ya mwezi wa Septemba, mama huyo, Justa, alikwenda Ushetu kumwangalia dada yake aliyejifungua. Alimchukua Ndaki, mdogo wake Martina, na kumwacha Martina chini ya uangalizi wa mjomba.

"Vikopo vya chini usiviguse ila kile cha siku," alimwambia akiwa na mzigo kichwani. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Siku ya Alhamisi mwalimu wa michezo alitangaza kwamba Jumamosi mchana timu ya netiboli ingecheza na shule jirani. Nelly, nahodha wa timu na rafiki wa Martina, alilalamika kwamba jua la mchana lingewaua.

"Barafu nitaleta mimi," alisema Martina. Hakuwa mchezaji, na kwa muda mrefu alitamani timu imhitaji kwa lolote. "Timu nzima."

"Na washangiliaji?" aliuliza mtu nyuma.

"Na washangiliaji."

Darasa zima lilimpigia makofi. Makofi yale yalimnogea Martina kupita kiasi, na hakufikiria friza ina ukubwa gani mpaka alipofika nyumbani.

Jumamosi alfajiri alikoroga ubuyu ndoo nzima. Vifuko vilipojaa, nafasi ya juu haikutosha hata nusu yavyo. Alisimama mbele ya friza, akaviangalia vikopo kumi na vinane vya mjomba. Akajiambia kwamba ni kwa saa chache tu. Alivitoa vyote, akavipanga kwenye beseni nyuma ya jiko, akavifunika kwa gunia alilolilowesha maji. Mjomba alikuwa kibandani. Nkwabi alikuwa bondeni akichimba minyoo, kwani Jumamosi taa walikula minyoo, na Jumapili hawakula kabisa.

Saa saba na nusu barafu ziliganda. Nelly na wenzake walikuja kuzibeba, wakacheka, wakaimba, wakaondoka mbio, na Martina akaondoka nao. Timu yao ilishinda. Watu walimwita Martina Mama Barafu na kumbeba juujuu. Alikumbuka beseni saa kumi na moja jioni, akiwa katikati ya wimbo, na kuanzia hapo wimbo ulimtoka kabisa.

Gunia lilikuwa limekauka kama karatasi. Alipofungua kikopo cha kwanza, vipande vilikuwa vinaogelea kwenye maji mekundu yenye povu. Alinusa, akarudisha uso nyuma. Alijua kabisa anachopaswa kufanya. Kibanda cha mjomba hakikuwa mbali, mwendo wa dakika tano. Badala yake alimwaga yale maji, akasuuza vipande, akafuta vikopo kwa kitambaa na kuvirudisha kwenye friza kimoja kimoja. Jumatatu alipovitazama, vilikuwa vigumu na vyeupe kama siku zote. Barafu haina harufu. Alishusha pumzi, akaamini mambo yamekwisha.

Jumatatu jioni hiyohiyo Nkwabi alibonyeza vipande, akakunja uso kidogo.

"Mbona vinateleza?"

"Ndivyo walivyo siku nyingine," alijibu Martina.

"Haya. Nusa."

Martina aliinama. Harufu ilikuwa ndogo, kama ya dimbwi linaloanza kukauka. Ilikuwepo.

"Wazuri, kaka Nkwabi."

"Wabeja."

Jumanne Martina alikamulia ndimu kwenye bakuli kabla Nkwabi hajafika, akayamwaga maji na kuweka mengine. Siku hiyo umeme ulikatika na pampu ya hewa ikahama kwenye betri, kwa hiyo Nkwabi alikuwa na haraka. Alibonyeza vipande viwili tu, akaona kimoja bado ni kigumu katikati, akakiacha hivyohivyo. Lakini hakusahau kuuliza. "Nusa, Martina." Naye alinusa, na ndimu haikuwa imesaidia kitu, na akasema wazuri.

Jumatano Ungo alilala pembeni mwa tangi, kingo za mwili wake zimekunjika juu kama chapati iliyoachwa kwenye moto. Hakula. Sahani alionja kipande kimoja, akakitema. Nkwabi alikuwa ameuliza tena kabla ya kuwalisha, na Martina akajibu tena, kwa sauti ndogo sana, kwa sababu aliyesema wazuri mara mbili anaona aibu kusema kingine mara ya tatu.

Alhamisi asubuhi Ungo alikuwa amekufa.

Mjomba Edward alimtoa kwa mikono yake na kumlaza kwenye ungo wa kupepetea mtama, ule uliompa jina. Majirani walijaa mlangoni. Kisha mjomba alimgeukia Nkwabi. "Si nilikuambia barafu, Nkwabi? Si nilikuambia tangu mwanzo?"

Nkwabi hakujitetea. "Juzi umeme ulipokatika niliharakisha. Kipande kimoja kilikuwa na barafu ndani. Ni mimi, Edward."

Martina alikuwa amesimama pale na mkoba wa shule begani. Nelly alimwita kutoka barabarani, na yeye, mpaka leo hajui miguu yake ilimpelekaje, akaondoka kwenda shule. Huko mwalimu alimuuliza swali la hesabu na akajibu jambo la historia. Watoto walicheka. Yeye alikuwa anaona vidole vya Nkwabi vikibonyeza samaki, kimoja kimoja, kwa uangalifu ule wa mtu asiyejiamini.

Ijumaa, Martina aliporudi kutoka shule, mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi na godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Mjomba Edward alikuwa sebuleni peke yake, mbele ya tangi, bakuli mkononi. Ndani ya bakuli kulikuwa na jiwe jeupe la samaki, gumu bado.

"Shikamoo, mjomba. Kaka Nkwabi yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko stendi. Anarudi Mwakitolyo, kwenye mashimo yake." Mjomba alisema hivyo bila kugeuka. "Anasema huko hakuna samaki wa kuua. Nimemwambia akae, hataki. Anaona haya. Nami nilimsema vibaya mbele ya watu." Alimimina maji kwenye bakuli. "Huyu Sahani ameanza kukunjika kingo. Leo nitayeyusha mwenyewe, mpaka kiini, hata kama ni saa mbili."

Martina alimwangalia Sahani. Hakupanda kwenye kioo. Alimfikiria Nkwabi akishuka shimoni na mguu ule mfupi.

"Mjomba, usimpe," alisema. "Hata wakiyeyuka usimpe."

"Kwa nini?"

Akasema yote. Alisema juu ya makofi ya darasani, beseni, gunia, maji mekundu, ndimu. Alisema mara tatu zile za kunusa, moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo sehemu iliyomliza. Mjomba Edward alisikiliza. Kisha alibandua kipande cha pembeni kwenye jiwe, akakifumbata mpaka kikalainika, akakipeleka puani. Alikitoa haraka.

Martina alingoja kupigwa kelele. Mjomba alisema tu, "Panda pikipiki."

Basi la Kahama lilikuwa limeshawasha injini. Nkwabi alikaa dirishani, mfuko wake magotini. Alipomwona Martina alitabasamu kidogo.

"Umekuja kuniaga?"

"Hapana, kaka Nkwabi. Nimekuja kukuambia ukweli. Hukumuua wewe. Niliwatoa samaki kwenye friza Jumamosi, wakaharibika, nikawarudisha. Nilipokuwa nanusa, walikuwa wananuka."

Nkwabi alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua vizuri.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Kila siku nilikuuliza."

"Ndiyo, kaka."

"Sikulala usiku wa jana. Nilikuwa najiambia, wewe Nkwabi, Edward amekuokota, na kitu anachokipenda umekiua kwa uvivu wa kidole kimoja." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira, Martina angeona nafuu.

Mjomba Edward alisogea dirishani. "Shuka, ndugu yangu. Na mimi nina kosa langu. Nilisikia barafu, nikakumbuka ya zamani, sikuchunguza. Nisamehe."

Kondakta aligonga ubavu wa basi. Nkwabi alifikiri mpaka wengine wakaanza kumhimiza aamue. Halafu alisimama, akatanguliza mguu mzima, akafuatisha ule mfupi. Hakumpa Martina mfuko wake abebe, ingawa msichana alinyoosha mkono kuupokea.

Mama yake Martina alirudi kesho yake. Mjomba alimweleza kabla hajatua mzigo. Justa hakumpiga binti yake. Alimpa jembe, wakachimba shimo refu nyuma ya choo, kisha akavitoa vikopo vyote vilivyobaki na kuviacha juani mpaka barafu ikaisha. Akamwambia Martina afungue kimoja kimoja, anuse, ndipo amwage. Vilikuwa kumi na vinne. Kufikia cha tano Martina alikuwa anatapika, na mama yake alimngoja amalize, akampa maji ya kunawa uso, akamsogezea cha sita.

Walipofukia shimo, mama alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mimi nimekulia kwenye samaki," alisema. "Samaki akishayeyuka kwenye joto, ameshaharibika. Ukimrudisha kwenye friza hujamponya, umemficha. Siku utakayomtoa utamkuta palepale ulipomwacha. Na uongo wako ulikuwa hivyohivyo, mwanangu. Uliugandisha Jumamosi, ukauona mgumu na msafi, ukafurahi. Kosa la kusahau beseni ningelisamehe siku hiyohiyo. Tungetupa vikopo, tungemwomba mjomba wako radhi, na Ungo angekuwa hai. Ulichokiharibu zaidi si samaki. Ni yule mtu aliyekukabidhi pua yake."

Martina alilia, na safari hii mama yake alimwacha alie begani kwake.

Kumwokoa Sahani kulikuwa kazi. Kila siku walibadilisha sehemu ya maji ya tangi, na maji ya bomba yalipaswa kukaa kwenye pipa siku nzima kwanza ili dawa yake ipotee. Martina alibeba ndoo kabla ya shule na baada ya shule, bila kuambiwa. Siku ya sita Sahani alikula mnyoo mmoja. Siku ya kumi alipanda kwenye kioo, akaonyesha tumbo lake, kisha akazunguka tangi lote akitafuta, na upande wa Ungo ulikuwa mchanga mtupu. Mjomba Edward alitoka nje, akakaa huko kwa muda.

Vikopo vipya viliwekwa. Saa kumi Martina alitoa cha siku kama zamani, akaweka kwenye maji, akafunika. Nkwabi alikuja, akabonyeza kila kipande. Lakini hakumsogezea bakuli. Alimwita Ndaki, ambaye alikuwa na miaka saba na mafua mara kwa mara.

"Nusa, Ndaki. Mimi pua sina."

Ndaki alinusa kwa kelele. "Wazuri."

"Wabeja."

Ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, na ya pili, na mwezi wa Oktoba wote. Nkwabi alimsalimia Martina vizuri, alimuuliza habari za shule, hata alimrekebishia mkanda wa mkoba. Bakuli tu ndilo lililopita mbele yake kila jioni likaenda kwa mtoto wa miaka saba. Martina hakulalamika. Alisimama karibu, kama kuna siku angehitajika.

Siku moja ya Novemba mvua ilinyesha na Ndaki alikuwa bado shuleni. Nkwabi alimaliza kubonyeza, akatazama mlangoni, akangoja. Sahani alikuwa kwenye kioo, ana njaa. Nkwabi alishusha pumzi, akalisogeza bakuli taratibu mpaka mbele ya Martina.

"Nusa."

Martina aliinama. Hakuharakisha. Alinusa bakuli lote, kisha akatoa vipande kimoja kimoja na kunusa kila kimoja, mbele na nyuma. Kimoja alikirudia mara mbili.

"Hivi saba ni vizuri, kaka Nkwabi. Hiki sina hakika nacho."

Nkwabi alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga. Hakikuwa na alama yoyote. Pengine kilikuwa kizima kabisa. Alikitupa nje ya mlango, paka akakirukia.

"Neno hilo ndilo nililolitaka siku ile," alisema. "Sina hakika. Ungeniambia hivyo, basi. Nisingekuuliza zaidi."

Alichukua koleo refu, akashika kipande cha kwanza. Kisha aligeuka.

"Wabeja, Martina," alisema, akamlisha Sahani.